Saa 24 za Kusoma Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mmoja wa wanaoandaa marathoni ya kusoma mtaani kwetu, hapa Tanga. Maswali haya nimeulizwa barazani, kwenye kundi letu la WhatsApp, na mengine kwa simu saa sita usiku na mtu aliyekuwa katikati ya kitabu. Nimeyajibu hapa kama ninavyomjibu jirani. Mengi yatakufaa hata kama unasomea Nairobi, Bukavu au Muscat.

Marathoni ya kusoma ni kitu gani hasa?

Ni saa 24 ambazo watu huamua kwa pamoja kwamba shughuli yao kubwa ni kusoma. Kila mtu na kitabu chake, kwa mwendo wake. Wengine tunakutana barazani, wengine wanabaki vyumbani kwao, wengine wako ng'ambo, lakini saa ya kuanza ni moja na saa ya kumaliza ni moja. Kila baada ya saa moja au mbili tunaambiana tumefika wapi, tumekutana na nini humo ndani, na nani ameshalala. Hakuna mshindi na hakuna anayetolewa.

Ilianzia wapi?

Utaratibu tunaoufuata sisi ulianza Oktoba 2007. Mwanamke mmoja wa Marekani, aliyekuwa akiandika mtandaoni kwa jina la Dewey, aliwaalika wapenzi wa vitabu wasome saa 24 mfululizo, kila mmoja akiwa kwake, huku wakitembeleana mtandaoni na kutiana moyo. Alifariki mwishoni mwa 2008. Wenzake hawakukubali jambo lile life naye: waliliendeleza na kulipa jina lake. Desturi ikawa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, Jumamosi. Kitu ninachompendea Dewey ni kwamba tangu mwanzo aliweka watu ambao kazi yao ni kuwashangilia wanaosoma. Hata wewe ambaye hutasoma ukurasa mmoja ulikuwa na nafasi.

Lakini kugawana maandishi na kuyamaliza kwa pamoja si kitu kigeni Pwani. Aliyewahi kuhudhuria khitma anajua: juzuu 30 zinagawiwa watu, kila mmoja anasoma yake, na Msahafu mzima unakamilika kabla ya chakula. Jambo hilo ni ibada na letu ni la vitabu vya kawaida, siyafananishi kwa uzito. Nasema tu kwamba mzee akisikia "tunasoma pamoja mpaka tumalize" haoni kioja.

Inaanza saa ngapi?

Dunia nzima inaanza dakika ileile, saa 12:00 kwa saa za GMT. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda hiyo ni saa tisa alasiri ya Jumamosi, mpaka saa tisa alasiri ya Jumapili. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni saa nane mchana. Muscat ni saa kumi jioni. London, majira yao ya joto yakiwa bado hayajaisha, ni saa saba mchana, na Toronto ni saa mbili asubuhi.

Tafadhali, unapomwalika mtu, andika "saa tisa alasiri" kwa maneno. Mwaka wa kwanza tuliandika "saa 9" na vijana wawili, ambao saa yao ni ile ya kwenye simu, wakafika saa tatu asubuhi na vitabu vyao, baraza tupu, wenyewe bado tuko sokoni. Walitusubiri saa sita nzima. Mmoja alikuwa amemaliza kitabu kabla hatujaanza.

Saa tisa ni saa nzuri kwetu, naona. Chakula cha mchana kimeshaliwa, jua limeanza kulegea, na adhana ya alasiri hutukuta kwenye kurasa za mwanzo. Swala zote zina nafasi yake, na wanaokwenda kanisani Jumapili asubuhi wanakwenda na kurudi wakiwa na saa kadhaa mkononi. Hakuna atakayekuandikia kwamba ulitoka.

Nyumbani kwangu mtu akishika kitabu anaonekana hana kazi. Nitafanyaje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nianze jambo hili mtaani.

Sote tunaijua hali yenyewe. Umekaa na kitabu, umefika pazuri, mara: "Wewe uliyekaa hapo, hebu kimbia dukani." Aliyelala hatumwi, kwa sababu amelala. Anayetazama mpira hatumwi mpaka mapumziko. Anayesoma anatumwa. Kwa mwanamke ndiyo zaidi, maana mama akishika kitabu saa kumi na moja jioni kila aliye ndani anahesabu kwamba jikoni kumesimama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kusoma ni kimya, na kazi tulizozizoea zina mlio: kinu, ufagio, sufuria.

Basi usiseme "nitakuwa nasoma". Sema "nina shughuli". Neno hilo kwetu lina heshima yake. Mtu mwenye shughuli hapigiwi simu aje kuangalia mtoto, wala haulizwi mbona hajafua. Siku ya harusi ya ndugu yako nani angekutuma mkaa?

Dada mmoja wa Makorora, anayeishi na mama mkwe wake, alilifanya vizuri kuliko sisi sote. Jumatano asubuhi, kabla ya chai, aliingia chumbani kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, Jumamosi nina shughuli. Kuanzia saa tisa alasiri mpaka Jumapili saa hizo hizo."

"Haya. Shughuli ya nani?"

"Ya kusoma, mama. Tunasoma watu wengi, dunia nzima."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Na nguo mnavaa za aina gani?" Dada akajibu hakuna sare, lakini angependa kufunga leso mpya. Ijumaa usiku alichemsha maharage, akayaunga nazi asubuhi, akajaza chupa mbili za chai. Mume wake alichukua watoto jioni. Jumamosi saa tisa akakaa kwenye kochi la barazani na leso yake mpya, na kila jirani aliyepita akiuliza habari za hapo alijibiwa na mama mkwe: "Mwacheni, ana shughuli yake."

Ninachokuomba ujifunze kwake ni siku tatu za kuaga mapema. Ukiaga Jumamosi saa nane na nusu, hiyo siyo kuaga, ni kutoroka.

Ukiwa wewe ndiye mume, kaka au baba wa nyumba, shughuli hii inakuhusu kwa upande wa pili: pika. Au chukua watoto. Wanaume wengi hutuandikia kwamba wake zao "hawapendi kusoma". Nawajibu wote jibu moja, jaribuni kuwapa saa sita ambazo hakuna anayewaita, kisha mniandikie tena.

Lazima nikeshe?

Hapana. Tangu tuanze, waliofika saa 24 bila kulala ni wachache, na sikushauri uwe mmojawapo. Panga vipande: saa tisa mpaka magharibi, baada ya isha mpaka saa tano, kisha lala, amka alfajiri. Hapo tayari una saa kumi na kitu za kusoma, kiasi ambacho wengi wetu hatukipati kwa mwezi mzima.

Ukitaka kukesha, kesha, lakini usiendeshe bodaboda wala gari Jumapili kabla hujalala. Mwenye presha au sukari ale kwa saa zake na ameze dawa zake kama siku nyingine yoyote.

Nasoma polepole sana. Nitaona aibu?

Mimi mwenyewe nasoma kurasa 30 hivi kwa saa, kitabu cha Kiswahili chenye maandishi ya kawaida. Kuna mwenzetu anasoma 60. Kuna fundi cherehani wa Ngamiani aliyeacha shule darasa la nne, alisoma kurasa 22 kwa siku nzima, akifuata mstari kwa kidole, na aliposimama kutusimulia alichosoma tulisahau kahawa zetu. Alikumbuka mpaka rangi ya mlango wa nyumba iliyotajwa. Sisi wa kurasa 200 tulikuwa tumeshasahau majina ya watu. Ndiyo maana siku hizi kwenye daftari letu hatuandiki idadi ya kurasa isipokuwa mtu atake mwenyewe. Tunaandika jina la kitabu na sentensi moja aliyoipenda.

Nichague vitabu gani?

Chagua vitatu au vinne, na viwe tofauti. Kosa la watu wa mara ya kwanza ni kuja na kitabu kimoja kinene ambacho wamekuwa wakikiogopa kwa miaka mitano. Kufika saa nne usiku wamekichukia na hawana pa kukimbilia.

Anza na kifupi, cha kurasa 80 au 100, ukimalize siku hiyohiyo kabla ya kulala. Kumaliza kitabu kunatia nguvu ajabu. Cha pili kiwe riwaya yenye visa, ya kukuvuta. Kwa saa za usiku mkubwa, kuanzia saa saba, weka mashairi au hadithi fupi, kwa sababu akili iliyochoka haiwezi kubeba watu kumi na tano na koo zao, lakini beti nne inazibeba. Usiku wa manane mashairi husikika vizuri zaidi kuliko mchana. Hapa Tanga huwa tunasoma ya Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, kwa zamu na kwa sauti ya chini ili tusiwaamshe majirani.

Asubuhi soma chochote ukipendacho. Kile kinene, kama umekuja nacho, kipe saa mbili za mwanzo wa asubuhi na usikidai zaidi.

Msahafu, Biblia, vitabu vya shule: vinahesabika?

Msahafu na Biblia, ndiyo, bila swali. Watoto wa kidato cha nne huuliza kama wanaweza kuja na madaftari ya mtihani. Sitamfukuza mtu, lakini nashauri yabaki nyumbani. Mtoto anayekijua kitabu kwa njia ya mtihani peke yake, siku mtihani ukiisha na kitabu kimeisha. Mpe saa chache za kusoma kitu ambacho hataulizwa swali.

Vitabu nitavipata wapi kama sina?

Kwanza maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mikoani nako maktaba zipo, na wengi wanapita nje yake kila siku bila kuingia. Jiandikishe wiki mbili kabla, usisubiri Jumamosi yenyewe, na uliza unaruhusiwa kuazima vingapi.

Pili, jirani. Tembea nyumba kumi za mtaa wako uulize. Utashangaa vitabu vilivyo juu ya kabati za watu, vimefungwa gazeti, vikisubiri kuombwa.

Kwa watoto, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, za bure, na waliozitoa wameruhusu zisomwe na kusambazwa.

Ninaomba kitu kimoja kwa dhati. Msitume kwenye kundi PDF za vitabu vya waandishi wetu zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Najua vitabu ni ghali na najua hela hazipo. Lakini riwaya ya Kiswahili huchapwa nakala chache, na mwandishi akikuta kazi yake ya miaka mitatu inazunguka kwenye simu 400 bila senti kumfikia, hataandika nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakataza, ila hata isingekataza ningeomba hivihivi. Nunueni kimoja watu wanne, mpokezane. Kwa saa 24 kitabu kimoja kinatosha watu wanne.

Bibi yangu hajui kusoma. Aje?

Aje, na apewe kiti kizuri. Kwa karne nyingi Pwani mwenye kujua herufi alimsomea asiyejua, na tenzi zilitungwa kwa ajili ya sauti. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama yule wa Pate aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, una beti 102. Ukiusoma bila haraka, ukipumzika kila mwisho wa ubeti, unamalizika ndani ya nusu saa. Mwaka jana msichana wa miaka 16 aliusoma kwa bibi watatu baada ya isha. Alikwama kwenye maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na bibi mmoja, ambaye hajawahi kushika kalamu, ndiye aliyekuwa akimfafanulia. Msichana akawa anaandika maana pembeni kwa penseli.

Kusikiliza kunahesabika. Kusoma kwa sauti kunahesabika mara mbili, kwa maoni yangu.

Na watoto wadogo?

Wana saa yao, saa kumi mpaka kumi na mbili jioni, kwenye jamvi, chini ya mti. Wakubwa hupokezana kuwasomea. Mtoto wa miaka mitano hawezi siku nzima na asilazimishwe.

Simu iwashwe au izimwe?

Kama unasomea kwenye simu, zima taarifa zote ubaki na kitabu. Kundi letu tunalifungua kwa dakika kumi kila baada ya saa mbili, basi. Mwaka mmoja hatukuweka utaratibu huo, watu wakawa wanasoma meseji kuhusu kusoma, na bando likaisha kabla ya vitabu.

Umeme ukikatika? Na macho?

Umeme utakatika, hesabu hivyo. Chaji taa ya sola na pawabenki tangu Ijumaa. Tochi ya kuvaa kichwani ni nzuri kuliko zote, kwa sababu mwanga unafuata ukurasa na mikono iko huru. Kandili la mafuta lina uzuri wake lakini moshi unachoma macho ukikaa nalo karibu, na karatasi na moto ni ndugu wabaya.

Kuhusu macho, kila dakika 20 inua kichwa utazame kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20 hivi. Kwetu tunatazama mnazi wa nyumba ya tatu. Pepesa macho. Kila saa simama utembee mpaka barabarani na kurudi. Mwenye miwani aje nayo, hata kama haipendi.

Aprili ni masika. Mvua ya Tanga haipigi hodi, inaingia barazani kwa ubavu. Kila kitabu kije na mfuko usiopitisha maji au kitambaa kizito. Udi wa mbu tunawasha sisi.

Tule nini?

Vitu vikavu vinavyoliwa kwa mkono mmoja: korosho, karanga, tende, kashata, ndizi. Kahawa ipo usiku kucha, kwenye birika, vikombe vidogo. Viazi karai ni vitamu na hatuviruhusu karibu na vitabu. Nina kitabu cha kuazimwa ambacho ukurasa wa 47 una alama ya kidole gumba, ya njano, inayoonekana mpaka upande wa pili. Mwenye kitabu alikipokea kwa tabasamu, na mimi bado naiona ile alama. Viazi tunakula saa tatu usiku, sote, mbali na jamvi, kisha tunanawa kwa sabuni.

Nataka kuandaa mtaani kwangu. Nianze wapi?

Watu sita wanatosha. Tafuta baraza moja yenye choo karibu na maji ya kunywa, mwombe mwenye nyumba wiki tatu kabla, na umweleze kwamba watu watakuwepo usiku. Mwambie na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, ili atakayeona taa saa tisa usiku asipate wasiwasi. Azima viti, usikodi. Usitoze kiingilio. Usitafute mgeni rasmi, kwa sababu mgeni rasmi huchelewa, na wasomaji watakaa na vitabu vimefungwa wakisubiri hotuba.

Wagawe washangiliaji mapema: mmoja wa jioni, mmoja wa usiku, mmoja wa alfajiri. Kazi yao ni kupita, kujaza kikombe, kumuuliza mtu "umefika wapi?" na kusikiliza jibu. Huyo wa alfajiri mchague kwa makini, awe mtu wa sauti tulivu.

Saa tisa ya Jumapili ikifika tunafanya nini?

Dakika kumi kabla, kila aliyeko barazani anasoma kwa sauti sentensi yake ya mwisho, popote alipofika, hata kama ni katikati ya ugomvi wa watu wasiojulikana na wengine. Tunaiandika kwenye daftari pamoja na jina la kitabu. Kisha vitabu vya kubadilishana vinawekwa kwenye mkeka, anayetaka anachukua kimoja, anaacha kimoja. Vya kuazima vinahesabiwa vimerudi vyote. Wanaokwenda kulala wanakwenda. Wanaobaki wanakunja jamvi, wanaosha vikombe, na viti vinarudishwa kwa wenyewe kabla ya magharibi.